Mstari wa Juu Kabla Ligi Haijaisha

6 Februari

Kwa mjukuu wangu, mke wangu wa pekee aliyebaki,

Pokea salamu, nyingi kama nywele nilizofagia maisha yangu yote ya unyozi. Mimi ni mzima, isipokuwa pale ambapo si mzima, na hapo unapajua. Jirani yangu mshona magodoro amenunua redio mpya, kwa hiyo sasa chumba chake na changu vinasikiliza taarifa moja ya habari. Yule niliyemwachia kibanda changu bado ananyoa vibaya, lakini wateja wanaongezeka, jambo linalonitia shaka kuhusu wateja.

Mama yako amenikumbusha tena hukumu yake. Eti tangu siku ile nilipoishiwa pumzi kwenye ngazi za uwanja nikarudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa kabichi, sifai kuishi peke yangu. Nipande jukwaa letu mpaka mstari wa juu, kwa miguu yangu, bila kushikwa na mtu, kabla ligi haijaisha. Nikishindwa, nifunge chumba nikaishi kwake. Kwake! Nyumba isiyotia chumvi kwenye chakula, na baba yako ametundika jezi ya manjano ya wale wapinzani wetu sebuleni kama picha ya marehemu. Nitakufa pale, tena nitakufa nikiitazama.

Najua ni wewe uliyeingia katikati ukasema, "Mama, mpe babu muda, mimi nitamsimamia na nitakuambia ukweli." Ahsante mke wangu. Lakini hebu tuulizane sisi wawili: mama yako ananitakia nini hasa? Hakuna mtu anayetamani mzee kiasi hicho. Nasikia wameweka geti jipya. Mimi nashuku wanatafuta mlinzi.

Kuhusu mazoezi, nafanya kila asubuhi. Karibu kila asubuhi. Tatizo ni timu yetu ya jezi nyekundu. Timu ikishinda naamka mwepesi, naweza hata kuruka ua. Ikifungwa, mwili mzima unagoma, hata vidole vya miguu havitaki kuonana. Na mwaka huu unajua mambo yanavyokwenda. Mshambuliaji wetu mpya anapiga mpira kama mtu anayeomba radhi.

Lakini usijali, kila mechi ya nyumbani naenda, na kila mechi nakaa juu kidogo kuliko iliyopita. Mwambie hivyo mama yako.

Babu yako, Wembe

*

19 Februari

Babu, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama hajambo, mgongo umepoa. Baba anakusalimia, tena akacheka alipokuwa anakusalimia, kwa hiyo salamu zake zipokee kwa tahadhari. Mimi nipo dukani kwenye miwani kama kawaida, napima macho ya watu wanaoapa kwamba wanaona.

Geti lipo, babu. Mlinzi pia yupo. Mama anakutaka kwa sababu siku ile ya mkokoteni alipigiwa simu na muuza kabichi, na mpaka leo simu ikilia anashtuka.

Sasa nami nina shaka zangu. "Karibu kila asubuhi" ni asubuhi ngapi? Na simu niliyokununulia iko wapi? Nikipiga inaita tu. Mshona magodoro ananiambia unaitazama mpaka inyamaze. Mimi nadhani huipokei kwa sababu kwenye simu ningekusikia unavyohema.

Nimefikiria hilo tatizo la timu yenu. Kama unangoja ishinde ndipo utembee, mama ataanza kukutandikia kitanda leo. Tugeuze. Wakifungwa, siku inayofuata zunguka ukuta wa uwanja, mzunguko kwa kila bao waliloingiziwa. Angalau kwenye klabu yenu apatikane mmoja wa kukimbia.

Mama ananiuliza kila Jumapili. Nimempa neno langu, babu. Usiniambie kitu nisichoweza kumwambia.

Mjukuu wako

*

10 Machi

Mke wangu,

Salamu fupi maana gari la posta halinisubiri. Wote wazima, redio ya jirani nayo nzima.

NIMEFIKA. Leo, mstari wa juu kabisa, kule njiwa wanakotutazama kama wenye nyumba. Kwa miguu yangu. Sikushikwa na mtu, hata ukingo wa ngazi sikuugusa sana.

Na timu ikanipa zawadi! Dakika za mwisho kabisa tumefunga. Kelele zilianzia golini, zikaja zikizunguka uwanja mpaka zikanifikia mimi, mabati yakatetemeka, vumbi la ukuta likanimwagikia ndani ya kola. Bao la haja. Mpira uliingia kona ya juu, kipa akabaki amekumbatia upepo. Moja bila. Watu walikuwa wanalia.

Nimetoka kabla ya filimbi ya mwisho ili niwahi gari la posta, upate habari ikiwa moto. Mpigie mama yako. Mwambie akatandue hicho kitanda.

Babu yako asiyeshikwa

*

2 Aprili

Babu, shikamoo.

Mama hajambo, baba hajambo, mdogo wangu ameng'olewa jino na anataka watu wote walione.

Barua yako ilifika haraka kuliko barua zako zote. Nilifurahi mpaka nikasimama juu ya kiti cha kupimia. Nikampigia mama palepale, hakupatikana, alikuwa safarini kwa shangazi. Nikasema nitampigia kesho.

Kesho yake asubuhi akaingia mtu dukani. Mrefu, mpole, kofia mkononi. Akakaa akasema, "Dada, naomba unipime macho vizuri. Uwanja mzima umeniambia mimi ni kipofu, na sipendi kupuuza maoni ya watu wengi."

Nikampima. Alisoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenyewe nausoma kwa kukariri. Nikamwambia macho yako hayana kasoro, umewakosea nini watu? Akasema yeye ni mwamuzi msaidizi, mshika kibendera. Alikuwa amesafiri kuchezesha mechi, na dakika za mwisho akainua kibendera kukataa bao la timu ya jezi nyekundu. Mfungaji alikuwa ameotea. Mechi ikaisha bila kwa bila, waamuzi wakatolewa uwanjani na polisi.

Nikamuuliza mechi ya tarehe ngapi. Tarehe kumi Machi.

Babu. Wewe uliyekaa juu ya watu wote, ukaona mpaka kona mpira ulikoingia, kibendera hukukiona?

Mama sijamwambia lolote. Nangoja jibu lako.

Mjukuu wako

*

11 Mei

Mke wangu mpendwa,

Salamu. Najua nimekawia. Wino uliisha, kisha karatasi zikaisha, kisha nikaumwa kidogo kidole cha kuandikia. Posta nayo! Miaka yote inatembea kama bibi harusi, siku ya kunitia aibu ikaota mbawa.

Habari za huku: jirani anasema redio imeharibika, lakini naisikia. Sijui ananificha nini. Muuza dawa wa kona ananitazama nikipita, halafu anaandika kitu. Nami ninamtazama.

Kuhusu lile bao, jua lilinipiga machoni. Ndiyo maana sikuona kibendera. Tuyaache hayo.

Tuje kwenye jambo la maana. Mimi ni mtu mzima, nimenyoa vichwa vya watu na kusikiliza uongo wao tangu kabla mama yako hajazaliwa. Shule niliiacha mapema, ila kusoma barua nimesoma. Mtu wa duka la miwani akieleza mteja, husema jicho la kushoto hivi, jicho la kulia vile. Wewe umeandika "mrefu, mpole, kofia mkononi". Kofia mkononi! Sasa nauliza, na usiniletee habari ya jino la mtoto: mtu aliyesoma mpaka mstari wa chini, ambaye macho yake hayana kasoro, amerudi dukani au hajarudi? Amerudi kupima nini? Masikio?

Nisikie nina mume mwenza, sawa, uzee una mitihani yake. Lakini mshika kibendera! Katika wanaume wote wanaotembea barabarani! Kwa nini usichukue mwizi, mtu ajue moja?

Sheria yako naifuata. Wiki iliyopita tumefungwa nne, na kabla ya hapo tatu. Nadhani mabeki wetu wamehongwa na mama yako. Ukuta wa uwanja sasa naujua tofali kwa tofali, najua palipo na ufa na palipoandikwa matusi. Naona miguu inaanza kunikumbuka.

Mechi ya mwisho ya ligi ni ya nyumbani. Muda bado upo. Mama yako asiniharakishe.

Wembe, mume wako wa halali

*

26 Mei

Babu, shikamoo.

Wote hatujambo.

Jukwaa lenu limelipa jua kisogo. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo nilipokuwa mdogo: sisi tunakaa kivulini, wale wa manjano wanaokwa. Kwa hiyo jua halikukupiga machoni.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Umeandika kelele, umeandika mabati, umeandika vumbi la ukuta ndani ya kola. Mstari wa juu hauna ukuta nyuma yake, babu, una reli. Tena wewe ni kinyozi. Zamani ukitoka uwanjani ulikuwa unatusimulia vichwa: nani ana upara unaokuja, nani kanyolewa na adui yake. Mwaka huu hujataja kichwa hata kimoja.

Hukuwa ndani. Ulikuwa nje, umeegemea ukuta, ukasikia watu wamepiga kelele, ukaondoka kabla wenzako hawajatoka na kukukuta pale. Nadhani hujaingia ndani tangu siku ya mkokoteni. Nimekosea?

Sikukasirika kwa sababu ya bao. Nimekasirika kwa sababu nilikuwa nimeshashika simu. Kama mama angepatikana jioni ile, ningemwambia uongo wako kwa mdomo wangu, naye angeniamini. Kila Jumapili ananiuliza, "Vipi, kapanda?" Namwambia bado. Sasa ameanza kuuliza taratibu, kama mtu anayejua.

Kuhusu huyo mteja, duka letu halitoi habari za wateja.

Ila nitakuambia hili moja: amepangiwa mechi yenu ya mwisho. Nimemwomba mpira ukisimama ainue macho mpaka mstari wa juu, aangalie kama yupo mzee mwenye koti jeupe la kinyozi. Hajaniuliza kwa nini. Nitakachomwambia mama ni kile atakachokiona yeye.

Mjukuu wako

*

23 Juni

Kwa mjukuu wangu, jasusi,

Salamu kwa wote, hata kwa baba yako. Usisome barua hii ukiwa umesimama.

Hukukosea. Nilikuwa nje, kwenye ukuta, pale anapokaa muuza karanga. Tangu siku ile, kila nikiziona ngazi za ndani nasikia gurudumu la mkokoteni likilia. Nikawa namwambia muuza karanga namsubiri mtu. Miezi yote hiyo hakuniuliza ni nani. Huyo ndiye jirani wa kuwa naye.

Barua yako iliniudhi sana. Nikasema nitakuonyesha. Madaktari wameniambia nitembee kwa ajili ya moyo, kwa ajili ya sukari, kwa ajili ya kuishi siku nyingi, na hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kunitoa kitandani. Lakini nikifikiria mwanamume mrefu, mpole, amesimama pembeni mwa uwanja wetu anainua macho yake yasiyo na kasoro, halafu anakiona kiti changu kitupu! Mke wangu, nilikuwa namtangulia jogoo. Nilizunguka ukuta hata siku ambazo hatukufungwa. Nikaanza kupanda lile daraja la kuvukia barabara kuu, napanda huku, nateremkia kule kwenye mteremko usio na ngazi, muuza dawa ananitazama. Kumbe alichokuwa anaandika ni bei za dawa zake. Hata hivyo bado simwamini.

Jana nikavaa koti jeupe nikaingia.

Nilianza kupanda mashabiki wanaimba wimbo wa klabu. Nikapumzika. Nikapanda. Kijana mmoja akasema, "Mzee, nikushike?" Nikamwambia ukinigusa nitakunyoa nyusi. Nikapumzika tena, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba. Filimbi ya mapumziko ilipigwa niko katikati. Watu wakashuka kwenda kujisaidia, wakapanda tena, mimi bado niko safarini. Mwisho nikaishika reli. Niligeuka nikakaa.

Sasa ona. Kwa kuwa nilipanda nimewapa mgongo, sikukumbuka kwamba wachezaji wameshabadilishana magoli. Mpira wa kwanza kuuona unakwenda golini, nikasimama nikashangilia kwa nguvu zote. Lilikuwa goli letu! Mstari mzima ukanigeukia. Mmoja akasema, "Huyu babu katumwa na wale wa manjano." Mimi! Bahati kipa aliudaka. Ana kipara kidogo kinachoanzia nyuma, masikini, hajakijua bado.

Mpira ukatoka nje. Nikamwona mume mwenza. Akainua uso. Nami nikafungua koti nikalifunga, alione vizuri.

Tumetoka sare. Hapo ningemalizia barua, na ungefurahi, na mama yako angefurahi.

Lakini watu walipoondoka nilitaka kusimama, magoti yakakataa. Hakuna aliyeniambia kwamba kupanda na kushuka ni kazi mbili. Nilikaa pale mpaka wafagiaji wakafika chini yangu, wakafagia kushoto na kulia wakaniacha kama gunia. Mara namwona mtu anapanda, koti juu ya nguo za kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetunyang'anya bao?"

"Ndiye. Alikuwa ameotea."

"Kiasi gani?"

"Kwa bega."

"Bega! Mtu mzima unakataa bao kwa sababu ya bega?"

"Lilikuwa limezidi, mzee."

Nikaona nijaribu uungwana. Nikamwambia, "Sikiliza. Umeniona nimepanda. Kwenye kushuka wewe tayari ulikuwa umeondoka. Tumeelewana?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Akasema, "Mzee, mimi nikiona nainua."

Nikamwambia basi nalala hapa. Akasema sawa, akakaa kiti cha pembeni. Hakunibembeleza. Hakuniambia habari ya baridi wala ya umri. Nikamuuliza anamjuaje mjukuu wangu, akasema ndiye aliyempima macho. Nikamuuliza mara ngapi, akatazama uwanja. Hilo nalo jibu.

Mwisho nikanyoosha mkono mwenyewe.

Kwa hiyo naandika kabla hajasema yeye, maana atasema, mtu huyu hana hata tone la uongo na sijui utaishi naye vipi. Nilipanda peke yangu. Kushuka nilishikwa, ngazi zote, mpaka getini. Mpe mama yako yote mawili. Asikate hata neno. Kama ni kufunga chumba, nitafunga.

Kisogo chake kimenyolewa vibaya. Mwambie.

Babu yako

*

5 Julai

Babu, shikamoo.

Barua yako nimempelekea mama mwenyewe, sikutaka kumsomea kwenye simu. Aliisoma jikoni amesimama. Kwenye wafagiaji akakaa. Kwenye kushikwa mkono akaifunika kwa kiganja, nikajua kitanda kinatandikwa.

Kisha akasema, "Nilimwambia apande. Amepanda. Kushuka sikusema." Baba akataka kuongeza neno, mama akamwambia aende akaitazame jezi yake.

Chumba ni chako, babu. Masharti ni mawili. Utapokea simu, uhemavyo uheme. Na ligi ikianza tena, mama mwenyewe anakuja kukaa na wewe mstari wa juu, kisha mtashuka naye.

Nilidhani yamekwisha. Nikachukua mkoba niondoke. Mama akaifungua barua tena, akarudi ukurasa wa nyuma, akaweka kidole.

"Huyu mume mwenza," akasema, "ni nani?"

Nikamwambia ni mteja. Akaniuliza, "Mteja anayesafiri kutwa nzima na bado anapanda ngazi za watu kumshusha baba yangu?" Nikatafuta funguo mkobani. Akasema atamwandikia mtu mmoja tu anayemwamini, aliyemwona huyo mwanamume kwa macho yake, amweleze ukweli wote.

Barua yake itakufikia wiki hii. Mimi nilikusimamia toka Februari mpaka Juni, babu. Tafadhali, ukimjibu, anza na macho. Kisogo kiache.

Mjukuu wako, ambaye sasa zamu ni yake